Inua Kibodi ya Chumba cha Mitambo

Alasiri ya tarehe 23 Desemba 2015, mwendesha mitambo wa kampuni moja ya umeme magharibi mwa Ukraine aliona kishale kinatembea chenyewe kwenye skrini yake. Kikaifuata swichi ya kituo cha kupozea umeme, kikabofya, kituo kikazimika. Akaishika maus, haikumtii. Mara mfumo ukamtoa, na alipotaka kurudi nywila yake ikakataliwa, kumbe ilikwisha kubadilishwa. Siku hiyo kampuni tatu zilishambuliwa na wateja wapatao 225,000 wakakosa umeme wakati wa baridi, wengine kwa saa kadhaa, hadi mafundi walipokwenda vituoni kurudisha swichi kwa mkono.

Wavamizi hawakubomoa ukuta. Waliingia kwa majina na nywila halali za wafanyakazi, walizozikusanya kwa miezi baada ya kuwatumia barua pepe zenye viambatisho vya virusi. Njia ya VPN ya kuifikia mitambo iliridhika na nywila peke yake.

Novemba 2023 ikawa zamu ya mamlaka ya maji ya mji wa Aliquippa, Pennsylvania, Marekani. Wadukuzi walikiteka kidhibiti cha kampuni ya Unitronics kilichokuwa kikiangalia shinikizo la maji katika kituo cha pampu, wafanyakazi wakalazimika kuendesha kazi kwa mkono. Vidhibiti vya aina hiyo vilikuwa vikikutwa wazi kwenye intaneti na nywila ileile viliyotoka nayo kiwandani: 1111. Mtu anayeficha PIN ya simu yake hata kwa mwenzi wake anaacha pampu ya mji mzima na namba hiyo!

Kwa hiyo wewe unayesimamia mtambo wa maji, umeme au kiwanda cha saruji, anza kwa kuhesabu milango. Pita na daftari, usitegemee mchoro wa ofisini. Utakuta modemu yenye laini ya simu iliyoachwa na mkandarasi aliyemaliza kazi zamani, bado inawaka. Chochote kinachofikika moja kwa moja kutoka intaneti kitoe huko, na kila nywila ya kiwandani ibadilishwe kabla kifaa hakijawashwa kwa kazi.

Mlango wa kuingilia mfumo kutoka nje uwe na kufuli mbili. Kadi ya benki bila PIN haikupi pesa kwenye mashine, na PIN bila kadi haikusaidii. Mtambo nao udai nywila pamoja na kitu anachokishika mhusika. Namba inayotumwa kwa SMS ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini laini za simu huibwa, na sehemu zenye gesi simu hairuhusiwi kuingia. Ufunguo mdogo wa kuchomeka kwenye kompyuta, au kifaa kinachotoa namba mpya kila baada ya muda mfupi, unafaa zaidi. Mkandarasi afunguliwe mlango kwa saa za kazi yake tu, kisha ufungwe.

Ndani ya chumba cha udhibiti mambo ni magumu zaidi, na hapa ndipo wataalamu wa kompyuta wanapowaudhi wenye mitambo. Inua kibodi: huenda ukakuta karatasi iliyobandikwa, jina moja na nywila moja inayotumiwa na zamu zote. Ni kosa, kwa sababu valvu ikifunguliwa saa nane usiku hakuna wa kuulizwa. Ila usidhani waliibandika kwa uvivu. Kengele ya shinikizo inapolia, hakuna anayetaka kukumbuka herufi kumi na sita, tena mfumo ufungwe baada ya kukosea mara tatu.

Kinachofaa ni kadi ya kugusisha. Anayeingia zamu anagusisha yake, anayetoka anaondoka na yake, na kila amri inabaki na jina. Skrini ya kutazama vipimo iachwe wazi muda wote. Kitambulisho kidaiwe mtu anapotaka kubadilisha kitu, na mabadiliko ya programu ya kidhibiti yawe ya wahandisi wachache. Vidhibiti vya zamani visivyojua nywila viwekwe nyuma ya kompyuta moja ya lango, asipite mtu bila kujitambulisha hapo. Kitufe chekundu cha kusimamisha mtambo kisiulize jina la yeyote.

Kadi zikigoma usiku, pawe na bahasha. Ndani yake weka nywila ya dharura, itie lakiri, ikae kwenye kasha la chuma la msimamizi wa zamu. Atakayeifungua aandike saa na sababu, atie sahihi. Kesho yake nywila ibadilishwe, bahasha mpya ifungwe.