Ua Halina Kosa, Pamba Ndiyo Hatari: Majibu Kuhusu Mlango wa Krismasi

Nitumie nini mlangoni nipate sura ya theluji? (Lurambi, Amalemba, Mumias: mmeuliza wengi, jibu ni moja.)

Msitumie chochote; theluji na matawi ya mlangoni ni desturi ya kwingine. Kaskazini ya Ulaya miti mingi huwa imepukutisha majani ifikapo Desemba, na tawi la msonobari hubaki na kijani chake. Ndiyo sababu likatundikwa mlangoni. Picha ya Malkia Victoria na familia yake kando ya mti wao wa Krismasi, iliyotoka katika gazeti la Illustrated London News mwaka 1848, iliieneza zaidi desturi ya mti huo. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kijani hakijawahi kuwa adimu hapa. Kilicho adimu ni ukuta safi, kwa kuwa kwa miezi mingi matone yamekuwa yakiurushia matope. Mvua hupungua Desemba, udongo mpya hupata kukauka bila kuoshwa na maji, na ndipo akina mama wa vijijini husiriba nyumba na kuchora mistari ya udongo mweupe na mwekundu kuzunguka mlango, wageni wa Nairobi wakute boma limependeza. Hayo ndiyo mapambo yanayojua yako wapi. Mwenye nyumba ya matofali aoshe ukuta, apake rangi futi mbili za chini, apange vyungu vya maua barazani.

Nitaambiwa huo ni ushamba, na kwamba watoto wanataka walichokiona kwenye televisheni. Watoto wanataka kushiriki. Wapeni udongo na brashi. Na hata saipresi tunayoililia kama Krismasi yenyewe si ya Ulaya: asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, ikaletwa Kenya kwa ajili ya mbao. Desturi hii ilikwisha kubadilishwa zamani, basi tuibadilishe kwa akili. Tawi la saipresi lililokatwa hukauka upesi, na lina mafuta yanayoshika moto. Ukilifunga juu ya mlango, ukalivika pamba ya kuigiza theluji na balbu zinazopata joto, umewasha hatari penye njia ya kutokea.

Ni kweli poinsetia huua mtoto akitafuna jani? Ning'oe iliyo mlangoni?

Hapana, na usiing'oe. Uvumi huu hunikera kuliko mwingine wowote, maana hufukuza mmea mzuri na kuacha ulio mbaya. Chanzo chake ni kisa cha Hawaii cha mwaka 1919, cha mtoto aliyedaiwa kufa baada ya kula jani; baadaye kilionekana kuwa cha kusikia tu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1996, wa visa 22,793 vilivyofikishwa kwa vituo vya sumu vya Marekani, haukukuta kifo hata kimoja, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakudhurika kabisa. Utomvu wake mweupe unaweza kuwasha ngozi, na mtoto akila majani huenda akatapika. Basi, hayo tu. Mtasema ni ndugu ya mnyaa, na utomvu wa mnyaa huumiza macho vibaya. Ni kweli, lakini undugu si ushahidi: muhogo nao umo katika ukoo huohuo mpana, na tunaula. Anayeogopa poinsetia huku ua wake umejaa oleanda ya manjano ameogopa pasipo hatari. Mbegu za oleanda hiyo zina sumu inayovuruga mapigo ya moyo na zimeua watu. Hiyo ndiyo isipandwe watoto wanapocheza, wala isitiwe kwenye shada la mlangoni.

Naweza kukata matawi msituni Isecheno?

Huo ni msitu wa umma. Acha panga nyumbani.

Taa za Krismasi huvuta radi? Na shada la mizizi analouza mzee mmoja sokoni, huizuia? (Shinyalu, Malava na wengine.)

Hapana, mara mbili. Chomoa plagi kabla ngurumo hazijaanza. Shada mwachie mwenyewe.

Fundi wangu amepitisha waya wa taa dirishani na kuunganisha kwa gundi ya karatasi. Anasema unatosha kwa wiki mbili.

Stima haihesabu wiki. Mvua ya Desemba ni kidogo lakini ipo, na kiungo kilicholowa karibu na mlango wa bati au wa chuma kinaweza kuutia umeme mlango wote, mgeni akashika kitasa. Taa zilizoandikwa kwamba ni za ndani zibaki ndani. Za nje ziandikwe hivyo kwenye pakiti, soketi ikae mahali pakavu, viungo viwe ndani ya kisanduku kisichopitisha maji, na zizimwe mnapolala. Zile ndogo za sola hukwepa karibu matatizo haya yote, na hazizimiki stima ikipotea. Huyo fundi asilipwe hadi arudi kuutoa waya wake.