Kwa Nini Korodani Zinaning'inia Nje

Ubongo umefunikwa na fuvu, moyo na mapafu vimezungukwa na mbavu, lakini korodani ziko nje. Sababu ni joto. Mbegu za kiume hazitengenezeki vizuri kwenye nyuzi 37 za mwili. Zinataka pungufu ya hapo kwa nyuzi 2 hadi 4. Ndiyo maana kukiwa na baridi pumbu hujikunyata na kuzivuta korodani karibu na mwili, na kwenye joto hulegea. Korodani moja kushuka kuliko nyingine, mara nyingi ya kushoto, ni kawaida.

Mbegu huchukua takriban siku 70 kuundwa, kisha wiki moja au mbili kukomaa katika mrija uliojikunja nyuma ya korodani. Kwa hiyo homa kali ya Aprili inaweza kuonekana kwenye kipimo cha mbegu cha Juni. Anayekuuzia dawa ya kuongeza mbegu kwa siku 3 anakuuzia maneno.

Mbegu zenyewe hazifiki hata asilimia 10 ya shahawa. Majimaji mengine hutoka kwenye vifuko vya shahawa na kwenye tezi dume, iliyo chini ya kibofu. Wanaume wanaoogopa kufunga uzazi wangelijua hili wangetulia: daktari hukata mirija ya mbegu tu. Shahawa hutoka karibu kiasi kilekile, na testosteroni, homoni ya ndevu, sauti nzito na hamu ya tendo la ndoa, haipiti humo. Huingia kwenye damu moja kwa moja. Ila kuna mbegu zilizokwisha kutangulia, basi tumieni kinga kwa miezi 3, hadi kipimo kithibitishe kuwa zimekwisha.

Anayemwogesha mtoto ndiye mkaguzi wa kwanza. Maji yakiwa ya uvuguvugu, papasa taratibu kwa vidole viwili: korodani ziwe mbili. Kama moja haijashuka mtoto akifika miezi 6, mpelekeni hospitali. Upasuaji hufaa kabla hajatimiza miezi 18.

Huku pwani, pumbu zikivimba polepole bila maumivu, mara nyingi ni busha: maji yaliyojaa kuzunguka korodani, baada ya minyoo ya matende inayoenezwa na mbu kuharibu mishipa ya limfu. Busha halitokani na kunywa madafu, wala hakuna aliyerogwa. Busha hupasuliwa likapona. Lakini kinundu kigumu juu ya korodani yenyewe, hata kisichouma, kionwe na daktari, maana kinaweza kuwa saratani.

Maumivu makali ya ghafla ni jambo jingine. Huwapata zaidi wavulana waliobalehe, pengine pamoja na kutapika. Korodani ikijisokota hukosa damu, na baada ya saa 6 hivi uwezekano wa kuiokoa hupungua haraka. Msimpe mvulana panadol mkangoja kupambazuke. Tafuteni bodaboda usiku huohuo mwende hospitali yenye upasuaji. Na kwa kuwa wavulana huona haya kusema, baba au mjomba awaambie mapema kwamba maumivu ya aina hiyo wamwamshe mtu saa yoyote.