Ajira ya Wahandisi wa Vifaa Tiba: Kipimo cha Chuo na Usalama wa Mgonjwa

Utangulizi

Vyuo vinavyofundisha uhandisi wa vifaa tiba nchini, vikiwemo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, huulizwa kwanza: wahitimu wangapi wamepata ajira? Swali hilo ni la msingi, lakini halitoshi. Utafiti wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, ulioripotiwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa asilimia 61 ya wahitimu wa Tanzania hawakuwa na stadi za kutosha za kazi machoni pa waajiri.

Mfano wa Ufipa

Mji wa Sumbawanga uko kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa mgandamizo wa hewa ni mdogo, maji huchemka kwenye nyuzijoto karibu 94 badala ya 100. Otoklevu, yaani mashine ya kutakasa vifaa vya upasuaji kwa mvuke, kwa kawaida huhitaji nyuzijoto 121. Ili kufikia joto hilo, geji ya kawaida husoma takriban paundi 15 kwa inchi ya mraba ikiwa pwani. Sumbawanga inapaswa kusoma karibu 18. Mhandisi aliyezoea mashine za Dar es Salaam akiiacha kwenye 15, joto huishia karibu 118. Vifaa hutoka vikiwa vya moto, lakini vijidudu sugu huweza kubaki hai. Madhara humwangukia mama aliyepasuliwa wakati wa kujifungua.

Katika hesabu za chuo, mhandisi huyo amefaulu kwa kuwa ameajiriwa.

Vipimo vinavyofaa

Tathmini ya programu iulize mambo matatu zaidi:

1. Je, mhitimu anafanya kazi ya fani yake?
2. Je, anaweza kurekebisha mashine kulingana na mazingira ya mahali?
3. Je, muda ambao mashine hukaa bila kufanya kazi umepungua tangu afike?

Tangu mwaka 2003, Bodi ya Usajili wa Wahandisi huendesha mpango wa miaka mitatu wa mafunzo kwa vitendo kwa wahitimu. Mafunzo hayo yakifanyika pia katika hospitali za mikoani, majibu yatapatikana mapema.

Wajibu wa kila mmoja

Mtumishi wa afya asitegemee geji peke yake. Asome kipimajoto, akague kiashiria cha kemikali ndani ya kifurushi, na aandike matokeo ya kila mzunguko kwenye daftari. Uongozi wa hospitali upeleke taarifa za hitilafu kwa vyuo vilivyowafundisha wahandisi wake. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza iwapo vifaa vitakavyotumika vimetakaswa ipasavyo.

Hitimisho

Idadi ya walioajiriwa iendelee kuhesabiwa, ila isomwe pamoja na daftari la otoklevu. Humo chuo kitaona ni somo gani halikufundishwa vya kutosha.