Somo: Pera na Chungwa, Lipi Lina Vitamini C Zaidi?



Katika mkutano mmoja mama alisimama akaniambia, "Mwalimu, unatufundisha tule matunda, lakini machungwa ni ghali. Sisi tuna mapera tu, na hayo ni ya watoto na ndege." Sikubishana naye. Nilimwomba alete mapera mkutano uliofuata tupime wenyewe. Nanyi jaribuni.

Mahitaji: iodini (ile dawa ya kahawia ya kupaka vidonda, iko duka la dawa), unga wa mahindi, mapera, machungwa, kitambaa safi, mrija na glasi tatu.

Jinsi ya kufanya:

1. Chemsha nusu kijiko cha unga katika vikombe viwili vya maji. Yakipoa na kutulia, chota maji ya juu.

2. Tia vijiko vitatu vya maji hayo katika kila glasi, kisha tone moja la iodini. Yatageuka buluu iliyokoza.

3. Ponda mapera, changanya nusu kikombe na nusu kikombe cha maji, uchuje. Kamua machungwa, nayo uyachanganye na maji kwa kipimo hichohicho.

4. Kwa mrija, dondosha maji ya pera katika glasi ya kwanza, tone moja moja, ukikoroga na kuhesabu, mpaka buluu iishe. Suuza mrija, ufanye vivyo hivyo na chungwa katika glasi ya pili.

5. Chemsha maji ya pera yaliyobaki kwa robo saa. Ongeza maji yarudi kipimo cha kwanza, yapoe, upime katika glasi ya tatu.

Ukimaliza, mwaga vyote vilivyo ndani ya glasi. Usinywe! Iodini weka mbali na watoto.

Maana yake: vitamini C huondoa rangi ya iodini. Tunda linalotumia matone machache ndilo lenye vitamini nyingi. Kwetu pera lilishinda chungwa, na pera lililochemshwa likahitaji matone mengi zaidi, kwa sababu moto huharibu vitamini hiyo.

Mara nyingi gramu 100 za pera huwa na zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, na chungwa kama 50. Mtu mzima anahitaji kama 45 kwa siku. Tena vitamini C husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga. Kwa hiyo mama mjamzito anayekula githeri, ale na pera bichi siku hiyohiyo, wakati wa chakula. Damu yake itafaidika.

Yule mama alitazama glasi, akasema, "Kumbe nilikuwa nikiwafagilia kuku!" Mkutano ukacheka, lakini hakuna aliyebisha.

Maswali ya kujadiliana:

1. Ni matunda gani kwetu yanaozea chini ya mti?
2. Sukuma wiki tunaichemsha kwa muda gani, na yale maji yake tunayapeleka wapi?
3. Kila boma linaweza kupanda mti gani wa matunda msimu huu?