Pikipiki Mpya na Oili Yake ya Kwanza

Siku hizi vijana wengi wamalizapo shule hununuliwa pikipiki na wazee wao ili wapate riziki, mara nyingi kwa mkopo. Basi yafaa tujue kwamba pikipiki mpya yahitaji kubadiliwa oili mapema kuliko ile iliyokwisha kuzoea kazi.

Sababu ni hii. Pistoni, ringi na gia zikiwa mpya hazijalainika. Husuguana na kutoa chembe ndogo ndogo za chuma, nazo huchanganyika na oili. Ikiachwa, chembe hizo huzunguka nayo na kukwaruza silinda. Tena katika pikipiki nyingi oili hiyo moja huhudumia injini, gia na klachi pia. Kwa hiyo msitie oili ya motokaa, maana nyingine huifanya klachi iteleze.

Kitabu cha pikipiki hutaja kilomita. Kwa nyingi ni kati ya 500 na 1,000. Tazameni mita, si kalenda! Abebaye abiria kilomita 100 kwa siku hufika huko kabla ya wiki mbili kwisha, na deni bado ni lile lile.

Injini ipashwe moto kidogo ndipo oili imwagwe, katika chombo, si ardhini. Chujio lisafishwe au libadilishwe, ulegevu wa mnyororo upimwe, spoki na nati zikazwe. Lakini valvu hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa, na hapo ndipo wengi hukosa subira. Afadhali pikipiki ilale kwa fundi, naye aanze na valvu asubuhi.