Orodha ya safari: Tunduma hadi Unguja

SWALI: Mwezi wa saba mimi, mume wangu na watoto wawili tunatoka Tunduma kwenda Unguja. Hatujawahi kupanda boti. Tufungashe nini?
Mama wa watoto wawili, Tunduma

JIBU: Andika orodha wiki mbili kabla, uigawe mafungu matatu.

Kwanza, mkoba usioutoa mkononi: vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, tiketi, dawa na chaja. Kama una kwacha, zibadilishe hapo hapo Tunduma. Unguja utahangaika nazo.

Pili, boti. Kutoka Dar es Salaam, boti ziendazo kasi huchukua kama saa mbili. Mwezi wa saba ni msimu wa kusi, bahari huchafuka, na kigegezi hakichagui mkubwa wala mdogo. Muulize mfamasia dawa na kipimo cha watoto. Humezwa kabla ya kupanda, si baada ya kutapika. Kuleni chakula chepesi, kaeni katikati ya boti, mtazame mbali.

Tatu, begi kubwa: nguo nyepesi, kanga, kofia na kandambili. Masweta ya baridi ya Tunduma yaishie kwenye basi. Mji Mkongwe funikeni mabega na magoti. Rambo za plastiki ziacheni nyumbani. Zimepigwa marufuku Bara tangu Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia.

Mwisho, fika Dar siku moja kabla ya boti. Basi likichelewa njiani, boti haikusubiri.