Mgonjwa na tabibu: kwa nini hatuelewani?

Wiki hii tunazungumzia jambo ambalo si ugonjwa, lakini humfanya mtu atoke zahanati na dawa sahihi na bado asipone. Nalo ni kutoelewana kati ya mgonjwa na anayemtibu. Vikwazo vikubwa ni hivi:

1. Haya. Mama mwenye muwasho sehemu za siri husema "tumbo linauma". Mzee anayepata taabu kukojoa husema "mgongo". Tabibu naye hutibu alichoambiwa. Haya ni sehemu ya imani, lakini haizuii kuuliza la haki. Ummu Sulaym (r.a.) alimwuliza Mtume (s.a.w.) waziwazi kuhusu josho la mwanamke aliyeota, naye akamjibu. Mama ukiona uzito, omba kuhudumiwa na mwanamke mwenzio.

2. Kusemewa. Mume au mama mkwe hujibu maswali yote, mgonjwa mwenyewe ameinamisha kichwa. Msindikizaji amkumbushe tu, kisha ampe nafasi aseme anavyojisikia, hata kwa faragha.

3. Maneno tunayotumia. Wengi wetu huita kila homa "malaria". Nasi matabibu huandika 2x3 juu ya bahasha bila kueleza. Maana yake ni vidonge viwili, mara tatu katika saa 24. Lakini ukisema "kutwa mara tatu", wapo wanaomaliza zote kabla ya Magharibi, usiku mzima mwili ukabaki bila dawa. Dawa ya kila baada ya saa nane yaweza kunywewa saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku.

Tazama dawa mseto ya malaria (ALu). Mtu mzima hunywa vidonge 4 hapo hapo, 4 baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata. Jumla ni 24, na hunywewa pamoja na chakula au maziwa. Aliyesikia nusu ya maelezo huacha homa ikishuka tu, na vimelea vilivyobaki humrudishia ugonjwa.

4. Kuficha. Sema kama unatumia mitishamba, kama una mimba, au kama umefunga. Mwenye kisukari anayefunga kimya kimya, kisha akameza dozi mbili pamoja wakati wa kufuturu, sukari yake yaweza kushuka hadi akazimia. Tabibu akijua mapema ataweza kupanga dawa upya, au kumshauri asifunge. Na mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, au kutoa fidia ikiwa maradhi yake si ya kupona.

Tufanye nini? Kabla hujanyanyuka kitini, sema: "Tabibu, ngoja nirudie nilivyoelewa." Taja dawa, idadi, saa, siku, na dalili za kukurudisha haraka. Ukikosea, atakusahihisha hapo hapo. Usiogope foleni iliyo nje. Nusu dakika hiyo ni haki yako. Ukifika nyumbani, anayejua kusoma awaandikie wazee saa za dawa kwa herufi kubwa, kisha naye awasikilize wakirudia.

Tukutane wiki ijayo, Inshaallah. Wabillahi tawfiq.